Habari Isiyoandikwa Bariadi

(Yafuatayo ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji wetu.)

Hivi karibuni nilikuwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Wale ambao jiografia yao ni ya zamani kama yangu wataikumbuka Bariadi kuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilipata kuwa mkoa mwaka 2012, na wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Nilikwenda huko kwa shughuli za ukoo, wala si za kazi. Lakini mtu aliyezeeka katika habari ni kama mvuvi; hata akialikwa harusini hutupia jicho maji.

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai karibu na stendi ya mabasi. Akaja kijana mmoja, akanisalimu, "Mwangaluka, babu," kisha kwa heshima akaongeza shikamoo. Akajitambulisha kuwa ni mwandishi wa habari wa kujitegemea. Anayaandikia magazeti na redio, na hulipwa kwa kila habari inayotoka. Isiyotoka hailipwi. Ofisi yake ni simu ya mkononi aliyoishika, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe.

Tukazungumza, na katika kuzungumza akanipa kisa kimoja. Kisa hicho ndicho kilichonifanya nichague mada ya leo, yaani mafundisho na utafiti wa uandishi wa habari katika zama hizi za vyombo vipya vya mawasiliano.

Alisema kwamba jioni moja uliingia ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp analoshiriki. Msemaji hakujitaja. Alisema kwamba katika kijiji kimoja upande wa Itilima kuna mtoto amefariki ghafla, na kwamba anajulikana bibi aliyemroga. Jina la bibi likatajwa, na kitongoji anachoishi kikatajwa. Kabla ya saa ya kulala, ujumbe ule ulikuwa umempitia kijana huyu mara nne, kila mara kutoka kundi jingine.

Ndugu wasikilizaji, wenyeji wa Usukuma hawahitaji kuelezwa hatari iliyokuwamo katika ujumbe ule. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na sasa Simiyu na Geita, wamepata kuuawa kwa mapanga wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Baadhi yao kosa lao lilikuwa macho mekundu, na macho hayo yaliletwa na moshi wa jikoni waliokaa nao maisha yao yote. Wengine kosa lao lilikuwa shamba au mifugo ambayo ndugu waliitamani.

Kijana hakulala vizuri. Alfajiri akapiga simu kwa mhudumu wa afya anayemfahamu, kisha akakodi bodaboda akaenda. Akamkuta yule mtoto katika kituo cha afya, yu hai, amekaa kitandani anakunywa uji. Alikuwa na malaria. Akaenda kwa bibi, akamkuta uani anaanika choroko, hana habari yoyote. Bibi akamkaribisha maziwa. Kijana akanywa, akaaga, akaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Viongozi hao wakaita watu, wakasema hadharani kwamba mtoto ni mzima, na baba wa mtoto akathibitisha kwa mdomo wake. Habari hiyo ikarudishwa katika makundi yale yale ilikotoka.

Alipofika mjini akampigia simu mhariri wake. Mhariri akamwuliza, "Kumetokea nini huko?" Akajibu, "Hakuna kilichotokea." Mhariri akasema, "Basi hiyo si habari."

Nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi, ikatoka mfukoni mwake.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile. Nathubutu kusema kwamba kazi bora ya uandishi wa habari iliyofanyika katika mkoa ule juma lile ilikuwa hiyo ambayo haikuandikwa. Tena aliyeifanya hakuwa na stashahada. Alikuwa na kidato cha nne, lugha mbili, na mazoea ya kwenda kutazama.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Habari ina safari mbili. Kuna safari ya kuitafuta, na kuna safari ya kuipeleka. Vyombo vipya vimeifupisha mno safari ya pili. Safari ya kwanza haijafupika kwa kiasi hicho, na kijiji kile cha Itilima kiko umbali ule ule kiliokuwapo zamani. Nina wasiwasi kwamba sehemu kubwa ya mafundisho yetu, na utafiti wetu, imeegemea katika safari ya kupeleka.

Sisi wazee tunajua jinsi safari hiyo ilivyokuwa ndefu. Mwandishi aliyekuwa wilayani katika miaka ya 1980 aliandika habari yake kwa mkono, akampa dereva wa basi bahasha ipelekwe Mwanza. Au alikaa nusu siku posta akisubiri simu ipatikane, na ilipopatikana alipiga kelele hata watu wa foleni wakaijua habari kabla ya mhariri. Lilikuwapo Shirika la Habari Tanzania, Shihata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1976, ambalo lilikuwa na waandishi wake mikoani. Shihata lilifungwa mwaka 2000. Leo kijana wa Bariadi hupeleka habari, picha na sauti kwa dakika moja akiwa chini ya mwembe. Hilo ni jema, na mtu asinielewe kwamba nalia na zama za bahasha. Simu ile ile iliyoleta uvumi ndiyo iliyomwezesha kijana kumpata mhudumu wa afya kabla jua halijachomoza.

Lakini tutazame tofauti. Wasukuma wana kitu kinaitwa mwano, ukelele wa hatari unaopigwa ng'ombe wanapoibwa au watu wanapovamiwa. Ukipigwa mwano, aliyeupiga anajulikana, maana sauti imetoka nyumbani kwake. Na wanaousikia hukimbilia pale ulikotokea. Hawakai majumbani mwao wakaurudia tu. Ujumbe wa simu ni mwano uliopigwa na mtu asiyejulikana, nao husikiwa na maelfu ambao hakuna hata mmoja wao anayekimbia kwenda kuona. Kila mmoja anaupiga tena kutoka alipo. Kazi ya mwandishi wa habari ni kuwa yule anayekimbia kwenda kuona.

Je, kazi hiyo inafundishwa? Nchi hii haikuanza jana kufundisha uandishi wa habari. Nyegezi, karibu na Mwanza, waandishi wamefundishwa tangu miaka ya 1960, na chuo kile ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Serikali nayo ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari Dar es Salaam mwaka 1975, ambacho baadaye kiliingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo vingine vingi vimefuata. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za mwaka 2017, ikaifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mtu anayetaka kuitwa mwandishi wa habari.

Sina ugomvi na stashahada. Swali langu ni hili: ndani yake mna nini? Nimepata kukutana na vijana waliomaliza vyuo, wanaojua kukata video, kupachika muziki na kuchagua kichwa cha habari kitakachobonyezwa na wengi. Ukiwapa bajeti ya halmashauri ya wilaya wanaigeuza-geuza kama mtu aliyepewa kitabu cha Kichina. Kosa si lao, maana hawakufundishwa.

Nitoe mfano wa pamba, kwa kuwa Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba mbegu ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasitasita, na wakulima wengi wakakaa miezi kadhaa wakidai fedha zao. Habari nyingi tulizosoma mijini zilikuwa za aina mbili. Ama mkulima alilia, ama kiongozi aliahidi. Zote mbili zilikuwa kweli. Lakini kwa nini mnunuzi hakununua? Hilo halikuhitaji kuvizia kiongozi mlangoni. Lilihitaji hesabu ya darasa la saba.

Chukueni kalamu, tuifanye pamoja. Bei ya pamba nyuzi duniani hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili moja. Tuseme, kwa mfano tu, ni senti 70. Kilo moja ina ratili 2.2, kwa hiyo kilo ya nyuzi ni dola 1.54. Dola moja wakati ule ilikuwa karibu shilingi 2,300, basi kilo ya nyuzi ni kama shilingi 3,540. Lakini mkulima hauzi nyuzi. Huuza pamba mbegu, na ukipeleka kinuni kilo tatu za pamba mbegu unapata karibu kilo moja ya nyuzi. Gawanya kwa tatu. Unapata kama shilingi 1,180. Hapo hatujatoa gharama za kuchambua, kusafirisha, riba na ushuru. Wala hatujaongeza thamani ya mbegu zinazokamuliwa mafuta. Sasa kumbuka kwamba mnunuzi alitakiwa kulipa 1,200.

Zamani bei ya Liverpool na New York ilijulikana kwa mfanyabiashara na kwa wakubwa wa vyama vya ushirika. Mwandishi wa Bariadi hakuwa na njia ya kuipata. Leo ameishika mkononi, katika simu ile yenye ufa. Chombo kimemfikisha mlangoni pa jambo kubwa, lakini hakuna aliyemfundisha kufungua mlango. Angejua hesabu hii, angemwambia mkulima wa Dutwa mwezi Mei yale ambayo mkulima yule aliyajua mwezi Septemba kwa kukosa ada ya mtoto.

Kadhalika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka huwekwa katika mtandao, na kila halmashauri imo. Mwandishi wa Maswa au Meatu anaweza kuzisoma usiku nyumbani kwake, na asubuhi akaenda kutazama zahanati iliyoandikwa kuwa imekamilika kama kweli ina paa. Ripoti humwambia pa kwenda, lakini hapana budi aende.

Hapa niseme neno juu ya akili mnemba. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu ambazo ukiziambia ziandike habari juu ya kilio cha wakulima wa pamba, huandika kwa nukta chache, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha baadhi yetu. Baadhi ya walimu wameingiwa na hofu kwamba wanafunzi hawatajifunza tena kuandika. Mimi hofu yangu ni tofauti. Programu ile haijui mizani ya chama cha msingi ilisoma nini Jumatatu. Haijui kama pamba ya mjane fulani iliitwa fifi ili inunuliwe kwa bei ya chini. Kwa hiyo itaandika yale ambayo wakulima wa pamba hulilia kwa kawaida, na sisi tutayasoma tukidhani kuna mtu aliyekwenda. Mwandishi anayebaki mjini na kupanga maneno atapata mshindani asiyechoka. Yule anayekwenda kusoma mizani bado hana mshindani.

Mwaka 2008, ndugu wasikilizaji, nchi yetu iliona kazi ya namna hiyo. Wakati ule watu wenye ulemavu wa ngozi walikuwa wakiwindwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa BBC, alikwenda kwa waganga akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akarudi na ushahidi wa yale waliyokuwa wakiyauza. Alitishiwa maisha hata ikambidi kujificha. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari. Kinasa sauti kilimsaidia, bila shaka. Lakini mtu aliyekaa mbele ya mganga, akajua aulize nini na anyamaze wapi, alikuwa yeye mwenyewe.

Nije kwenye utafiti. Siku hizi ukiuliza kama habari fulani imefanikiwa, unaambiwa imetazamwa na watu elfu kadhaa. Wasomi nao wanahesabu waliobonyeza na waliosambaza, kwa sababu mashine hutoa hesabu hizo bure. Lakini ujumbe ule wa Itilima nao ulikuwa na wasikilizaji wengi. Kwa kipimo hicho, ulifanikiwa kuliko ule uliousahihisha.

Wazee wetu walikuwa na kipimo kingine. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Kisha watafiti wakaenda kwenye nyumba za watu kutazama: je, vyoo vimechimbwa? Mazalia ya mbu yamefukiwa? Mwaka uliofuata likaanzishwa Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka tu kujifunza kusoma. Zilikuwa kazi za enzi ya chama kimoja, zenye kasoro zake, maana mwanakijiji aliambiwa mengi na kuulizwa machache. Lakini walijua kwamba matokeo ya habari hutazamwa kwa wanaoipokea.

Leo ningependa kuona vyuo vyetu vikituma wanafunzi wa shahada za juu Simiyu kufanya utafiti wa namna hiyo. Wachukue uvumi mmoja, waufuate ulikotoka na ulikopita. Nani aliuamini, na kwa nini? Nani aliukataa? Bibi asiye na simu, habari inamfikiaje, na inamfikia kwa Kiswahili au kwa Kisukuma? Redio za wilayani zinasaidia nini? Tena waulize kwa Kisukuma, kwa sababu mzee anayejibu kwa lugha ya kuazima hujibu kwa kifupi. Na wakimaliza, matokeo yarudishwe kijijini yasomwe mbele ya watu, yasiishie katika rafu za maktaba.

Kwa upande wa mafundisho, naomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa uandishi wa habari akae wilayani angalau muhula mmoja, asipelekwe tu katika vyumba vya habari vya Dar es Salaam kubeba vipaza sauti. Pili, hesabu na usomaji wa nyaraka za fedha viwe masomo ya lazima, pamoja na ufundi mpya wa kuthibitisha: jinsi ya kuiuliza mashine picha fulani ilionekana wapi kwanza, na jinsi ya kutambua sauti iliyotengenezwa. Tatu, vijana kama yule wa Bariadi, walio kazini tayari, wafuatwe huko huko waliko. Chuo kinaweza kuwafundisha kwa simu zao jioni, na kuwapima kwa kazi wanazofanya. Kumwambia aache kazi na familia, aende mjini miaka miwili kwa ada asiyokuwa nayo, ni kumfukuza kwa adabu.

Kwa wahariri nina ombi moja. Mlipeni mtu aliyekwenda akakuta hakuna kitu. Maadamu mwandishi hulipwa pale tu jambo baya linapokuwa kweli, tunamfundisha kutamani liwe kweli. Nauli ya bodaboda si fedha nyingi kwa gazeti. Kwake yeye ni chakula cha siku mbili.

Na wewe unayenunua gazeti Kariakoo au pale Makoroboi, Mwanza, nawe umo. Mara nyingi Simiyu inakufikia kama habari ya mauaji, au ya ushirikina, au ya pamba isiyonunuliwa. Ukisoma habari ya huko, tazama kama mwandishi amekwenda. Ametaja alichokiona, au ametaja tu alichoambiwa kwa simu na mkubwa? Na ukipokea sauti isiyo na mwenyewe inayotaja jina la mtu, usiisukume mbele. Huna njia ya kukimbilia Itilima kuona, lakini una uwezo wa kunyamaza.

Nilipoagana na yule kijana nilimwuliza kama bibi aliambiwa sababu ya ugeni ule. Akasema hapana, yeye na mtendaji waliona heri asitiwe hofu uzeeni. Bibi anadhani alikuja kijana mstaarabu kumwamkia, akanywa maziwa, akaenda zake.